Jina la Duka na Jina la Mwenye Duka: Kufanya Biashara kwa Jina Jingine North Buffalo

Jina la biashara ni lile jina ambalo mtu au kampuni hulitumia kuuza, kununua na kujitangaza, lakini silo lililoandikwa kwenye pasi yake wala kwenye hati ya kuundwa kampuni. Said bin Nasser akifungua kibanda akakiandika "Mishkaki ya Forodhani", kibanda kina jina lake na Said ana lake. Sheria za nchi nyingi zinamruhusu afanye hivyo kwa sharti moja: pawe na pahala rasmi palipoandikwa kwamba mwenye Mishkaki ya Forodhani ni Said bin Nasser, na anakaa pahala fulani.

Marekani jambo hili linajulikana kwa herufi tatu, DBA, maana yake "anayefanya biashara kwa jina la". Utaziona kwenye mikataba na kwenye karatasi za benki: jina la mtu kwanza, kisha DBA, kisha jina la duka. Katika jimbo la New York, karatasi inayoyaunganisha majina hayo mawili inaitwa cheti cha jina la biashara.

Naandika makala haya nikiwa North Buffalo, upande wa kaskazini wa mji wa Buffalo. Kazi yangu ni kufasiri na kuwasaidia wasemaji wa Kiswahili kujaza makaratasi ya serikali. Jamaa walioko Maskati, Dubai na Doha huniuliza kwa ajili ya ndugu zao waliohamia huku: je, mtu anaweza kufungua biashara ndogo bila ya kuunda kampuni, na akaipa jina alitakalo? Jawabu ni ndiyo. Lakini wengi huanza kuuza kwanza na kulikumbuka jina baadaye, na hapo ndipo hela zao zinapokwama.

Pahala penyewe

North Buffalo barabara yake kuu ya biashara ni Hertel Avenue. Ni mtaa wa maduka madogo yaliyopangana ubavu kwa ubavu, pamoja na sinema ya zamani ya North Park iliyofunguliwa mwaka 1920. Kwa miaka mingi ulijulikana kwa wafanyabiashara wa Kitaliana na Kiyahudi. Leo unapita ukakuta vyakula vya mataifa mengi.

Wasemaji wa Kiswahili waliokuja Buffalo wengi wao ni wakimbizi: Wakongo wa mashariki, Warundi, na Wasomali Wabantu waliopitia kambi za Kenya. Wengi walipangishwa kwanza upande wa magharibi wa mji, kisha familia zikaanza kutawanyika. Huko magharibi ndiko lilikoanza soko la West Side Bazaar mwaka 2011, ambapo wahamiaji hupewa nafasi ya kuanza kupika na kuuza vitu vyao. Jengo lake la Grant Street liliungua mwaka 2022, na mwaka 2023 soko likafunguliwa tena mtaa wa Niagara. Ukiingia ndani utaona jambo ninalolisema: kila meza ina jina lake, na nyuma ya kila jina yuko mtu mmoja au familia moja. Mteja analijua jina la meza tu. Siku ya kudai au kudaiwa, mahkama inataka jina la mtu.

Si jambo geni kwetu

Watu wa pwani tumezoea mtu kuwa na majina mawili, la nasaba na la mtaani. Hati za Kiarabu za Unguja za kuuziana mashamba na kuwekeana rahani ziliandikwa kwa jina la mtu, la baba yake, la babu yake, na mara nyingi la kabila lake, ili asichanganywe na mwingine. Huku nje watu walimwita kwa lakabu yake.

Mfano mashuhuri ni Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa aliyefariki Unguja mwaka 1905. Tippu Tip ni lakabu aliyoipata bara, na kwa jina hilo alijulikana kuanzia Tabora mpaka mto Kongo. Jina lake la nasaba lilikuwa Hamed bin Muhammed bin Juma el-Murjebi. Mwezi wa Februari mwaka 1887, Henry Morton Stanley alipomwandikia hapo Unguja mkataba wa kuwa wali wa Stanley Falls kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi, majina yote mawili yaliwekwa kwenye hati: la nasaba, na kando yake Tippu Tip. Anayelipa alitaka kuwa na hakika kwamba anayetajwa na watu wa bara ndiye huyu anayefungamana naye.

Upande wa nyumba za biashara, tunayo khabari ya Jairam Shivji. Kwa miaka mingi ya karne ya 19 nyumba yake ilikodi ushuru wa forodha ya Unguja kutoka kwa Masultani. Jairam aliporudi kwao Kutch, shughuli za kila siku zilishikwa na Ladha Damji, na Stanley alipofika Unguja mwaka 1871 ndiye aliyemkuta. Lakini nyumba iliendelea kuitwa kwa jina la Jairam Shivji, na madeni yakaandikwa kwa jina hilo. Aliyekuwa akidai au kudaiwa na nyumba ile ilimlazimu ajue nani mwenyewe na nani wakili wake.

Sheria ya New York inasemaje

Sheria inayohusika ni kifungu cha 130 cha Sheria ya Jumla ya Biashara ya jimbo la New York. Kifungu hiki kinawagawa wafanyabiashara makundi mawili.

Kundi la kwanza ni mtu mmoja mwenye biashara yake, au watu wawili na zaidi walioshirikiana bila ya kuunda kampuni. Hawa huweka cheti kwa karani wa kaunti ambamo biashara inafanyika. North Buffalo iko kaunti ya Erie, na ofisi ya karani iko 92 Franklin Street, katikati ya mji. Ukiuza katika kaunti mbili, unaweka cheti katika kila moja.

Kundi la pili ni kampuni zilizokwisha kusajiliwa, zikiwemo kampuni za dhima yenye kikomo, zile zinazofupishwa LLC. Zikitaka kutumia jina jingine, zinapeleka cheti Idara ya Nchi ya jimbo, iliyoko Albany, kwa ada ya dola 25. Kampuni za hisa huongeza ada ya kila kaunti zinamofanyia biashara: dola 25 kwa kaunti za kawaida, na dola 100 kwa kila kaunti ya jiji la New York.

Cheti cha kaunti ni kifupi. Unaandika jina la biashara, anwani ya biashara, jina lako kamili na anwani ya nyumbani kwako. Mkiwa washirika, kila mmoja huandikwa na kila mmoja hutia saini. Saini hutiwa mbele ya notari, yaani mtu aliyepewa idhini ya kushuhudia saini, kama katibul-adli wa Oman. Notari huuliza kitambulisho, kwa hiyo jina la kwenye cheti na la kwenye kitambulisho lazima yawe sawa.

Mambo manne ya sheria hii watu huyasahau.

La kwanza, si kila mtu anahitaji cheti. Anayeuza kwa jina lake kamili la kisheria, bila ya jina la kubuni, hana haja nacho.

La pili, nakala ya cheti iliyothibitishwa na karani lazima itundikwe pahala pa wazi katika kila sehemu biashara inapofanyika. Kwa hiyo siku unapoweka cheti, chukua kabisa nakala zilizothibitishwa: moja ya dukani na moja ya benki.

La tatu, cheti cha New York hakina tarehe ya mwisho. Kinabaki mpaka mwenyewe apeleke karatasi ya kukifuta. Ukihama au ukimwongeza mshirika, unapeleka marekebisho. Aliyefunga biashara asifute cheti anaacha jina lake likining'inia kwenye daftari na duka ambalo huenda mtu mwingine ameshalifungua kwa jina lile lile.

La nne, daftari la karani ni la wazi. Mtu yeyote anaweza kuuliza nani mwenye jina fulani akaonyeshwa, pamoja na anwani ya nyumbani. Kinamama wengine wanaouza kutoka nyumbani jambo hili huwatia wasiwasi, na wasiwasi wao una haki. Lakini ndilo kusudio lenyewe la sheria: mteja aliyeuziwa kwa jina la duka ajue amtafute nani. Asiyetaka anwani yake ionekane azungumze mapema na mtaalamu kuhusu kuunda kampuni, asiandike anwani ya uongo, kwa sababu taarifa ya uongo kwenye cheti ni kosa la peke yake.

Bila ya cheti kunakuwaje

Sheria inataja adhabu, kwani mtu anayekusudia kukwepa cheti anatenda kosa dogo la jinai. Lakini niliyoyaona huku mtaani ni mambo ya benki na ya mahkama.

Jirani yangu, mama mmoja aliyetokea Kivu, anakodi jiko lenye leseni na kupikia shughuli: pilau, sambusa, maandazi, kuku wa kupaka. Alilipa jina zuri jiko lake, akachapisha kadi, watu wakamjua. Siku moja taasisi iliyomwita kupikia watu 120 ilimlipa kwa cheki ya dola 1,140, na kwenye cheki wakaandika jina la jiko, kama lilivyo kwenye kadi. Alipoipeleka benki, aliambiwa kwamba akaunti ni ya jina lake na cheki ni ya jina jingine, na benki haina karatasi ya kuonyesha kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja. Ile taasisi nayo haikutaka kuandika cheki nyingine mpaka hesabu zake za mwezi zifungwe. Nyama, mchele na kodi ya jiko alikuwa ameshavilipia kutoka mfukoni.

Wiki ile ile alikuwa na mteja mwingine aliyekula akashukuru, kisha akakataa kumalizia dola 400 zilizobaki. Mama akataka kwenda kwenye madai madogo katika mahkama ya mji wa Buffalo, 50 Delaware Avenue, ambayo hupokea madai ya fedha yasiyozidi dola 5,000. Hapo kifungu cha 130 kina neno la wazi. Mkataba uliofanywa kwa jina lisilosajiliwa haubatiliki, deni linabaki kuwa deni. Lakini mwenye biashara hawezi kuendesha kesi katika mahkama ya jimbo kwa mkataba ule mpaka cheti kiwe kimeandikwa na kuwekwa.

Maneno haya yana ukali na yana rehema. Ukali ni kwamba mdaiwa mjanja anaweza kuusimamisha mdai wako kwa kasoro ya karatasi. Rehema ni kwamba kasoro inatengenezeka hata baadaye: unaweka cheti, kisha unaendelea kudai. Tulikwenda Franklin Street asubuhi moja ya Jumatatu, notari akashuhudia, karani akapokea, na mama akatoka na nakala zake. Nakala moja ikaenda benki na cheki ikaingia. Yule mdaiwa wa dola 400 alipoletewa wito wa mahkama alilipa kabla ya siku ya kusikilizwa.

Yale ambayo cheti hakifanyi

Nimewasikia watu wakisema "nimesajili kampuni" ilhali walichonacho ni cheti cha jina. Tofauti ni kubwa.

Cheti hakikutenganishi na biashara yako. Mteja akiumia kwa chakula chako na akashinda kesi, anadai mali yako wewe, gari na akiba ya nyumbani, kwa kuwa mbele ya sheria wewe na jiko ni kitu kimoja. Anayetaka kutenganishwa huunda kampuni. New York, LLC husajiliwa kwa dola 200, na ndani ya siku 120 lazima tangazo lake lichapishwe katika magazeti mawili kwa wiki sita mfululizo, kisha kupelekwe cheti cha matangazo kwa dola 50. Gharama ya magazeti yenyewe hutofautiana kaunti kwa kaunti, kwa hiyo iulize kabla ya kuanza.

Cheti hakikupi milki ya jina. Karani wa Erie kupokea jina lako hakumzuii mtu wa kaunti nyingine, wala kampuni iliyosajiliwa Albany, kutumia jina linalofanana. Kama mwenzio ana alama ya biashara iliyosajiliwa, anaweza kukutaka uache hata ukiwa na cheti. Kabla ya kuchapisha kadi na kununua bango, pekua daftari la kaunti, daftari la makampuni la jimbo na daftari la alama za biashara la serikali kuu.

Cheti hakikupi leseni. Mpishi anahitaji kibali cha afya, msusi leseni ya ususi, mwenye teksi leseni yake. Kuna pia maneno ambayo sheria haikuachii uyatie katika jina utakavyo, kama vile "benki" na "chuo kikuu".

Tena cheti hakikuondolei kodi. Anayeuza vitu vinavyotozwa kodi ya mauzo lazima apate idhini ya kukusanya kodi kutoka idara ya kodi ya jimbo, na aiombe angalau siku 20 kabla ya kuanza. Kaunti ya Erie kodi hiyo ni asilimia 8.75, yaani 4 ya jimbo na 4.75 ya kaunti, na chakula kilichopikwa kimo. Kodi ya mapato ya mfanyabiashara binafsi inabaki katika jina lake mwenyewe: biashara ina ukurasa wake ndani ya fomu yake ya mwaka, na jina la biashara lina mstari wake hapo.

Jina gani liandikwe

Hapa watu wetu wana tabu ya peke yao. Mwomani mwenye jina la watu wanne na kabila akifika Marekani hukuta fomu yenye nafasi tatu: jina la kwanza, la kati, la ukoo. Karatasi moja inachukua kabila kuwa jina la ukoo, nyingine inachukua babu, ya tatu inaiunganisha "bin" na jina linalofuata. Kwa baadhi ya wakimbizi ni vigumu zaidi. Aliyeandikishwa kambini kwa jina moja tu hupewa herufi FNU katika nafasi ya jina la kwanza, maana yake jina halijulikani, na yeye akadhani ndilo jina lake jipya.

Ushauri wangu ni huu. Kabla ya kuweka cheti, panga karatasi zako zote mezani: kitambulisho cha jimbo, kadi ya hifadhi ya jamii, kadi ya ukaazi au pasi, kitabu cha benki. Kama majina hayalingani, anza na kuyalinganisha. Jina la biashara lina faida kubwa kwa mtu ambaye jina lake Wamarekani hawawezi kulitamka, lakini linasimama juu ya jina la kisheria. Likiwa la chini limepinda, la juu nalo litapinda.

Kuna pia fomu inayoitwa W-9, ambayo kila taasisi inayokulipa hukutaka uijaze. Mstari wa kwanza ni wa jina lako wewe mtu binafsi, kama lilivyo kwenye fomu yako ya kodi. Mstari wa pili ndio wa jina la biashara. Wengi huyageuza, wakaweka jina la jiko juu, na idara ya mapato ikashindwa kulioanisha jina na namba.

Ukihama: Columbus na Louisville

Jamaa zetu hawakai pahala pamoja. Aliyeanza Buffalo humfuata dada yake Columbus, jimbo la Ohio, au mjomba wake Louisville, jimbo la Kentucky. Cheti cha Erie hakisafiri nawe.

Ohio haiweki majina kwa karani wa kaunti. Yanasajiliwa na Katibu wa jimbo kwa ada ya dola 39, na usajili unadumu miaka 5. Yako mafungu mawili. La kwanza lazima jina litofautike na yaliyokwisha sajiliwa, na mwenyewe hupata haki fulani juu yake. La pili ni taarifa tu kwamba unalitumia jina lile, bila ya haki hiyo. Ujue unajaza fungu gani.

Kentucky imegawa kama New York: mtu binafsi kwa karani wa kaunti, ambayo kwa Louisville ni Jefferson, na makampuni kwa Katibu wa jimbo. Lakini cheti chake kina muda wa miaka 5, kisha lazima kihuishwe. Aliyezoea New York, ambako cheti hakiishi, akifika Kentucky huacha muda ukapita bila ya khabari.

Huko kwetu: Afrika Mashariki na Oman

Sheria za majina ya biashara katika nchi zetu zina mzizi wa Kiingereza. Uingereza ilipitisha sheria ya kusajili majina ya biashara mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, wakati watu walipotaka kujua nani aliye nyuma ya majina ya maduka na makampuni. Mtindo ule ukaletwa katika nchi ilizozitawala. Leo Tanzania Bara usajili uko BRELA, Zanzibar uko BPRA, na Kenya ina sheria yake. Kote huko neno linalotumika ni hilo hilo, jina la biashara, na kote huko mwenye jina hutajwa. Mtu aliyekwisha kusajili duka Darajani au Kariakoo ataielewa karatasi ya Buffalo kwa dakika chache.

Oman, jina la biashara huwekwa katika sijili ya biashara kupitia wizara ya biashara, viwanda na kukuza uwekezaji, na huko liko jambo ambalo msomaji wa Ghuba asilichanganye na hili. Mwaka 2023 wizara ilitoa kanuni za kupambana na biashara ya kificho, ile ambayo sijili ina jina la mwananchi lakini mwendeshaji na mwenye faida ni mtu mwingine asiyeruhusiwa kuifanya. Kwa macho ya mpita njia mambo haya mawili yanafanana, maana pote jina la mlangoni silo la anayepokea pesa. Kwa sheria ni kinyume. Jina la biashara lililosajiliwa linamtaja mwenyewe hadharani. Biashara ya kificho inamficha nyuma ya mwingine.

Nalisema hili kwa sababu nimewahi kuulizwa na kijana wa North Buffalo kama anaweza kuweka cheti cha jiko kwa jina la binamu yake, kwa kuwa yeye ana deni la zamani. Nilimwambia kwamba cheti huapiwa na mwenye biashara khasa. Binamu akitia saini, binamu ndiye atakayetafutwa na idara ya kodi, na mbele ya mteja na mbele ya mahkama jiko ni la binamu. Siku wakigombana hatakuwa na karatasi ya kumtetea.

Kwa anayeanza

Mpango unaofaa kwa mtu mmoja wa North Buffalo ni huu. Linganisha majina ya karatasi zako. Pekua jina unalolitaka. Jaza cheti, tia saini mbele ya notari, kiweke kwa karani wa kaunti ya Erie na uchukue nakala zilizothibitishwa. Omba namba ya mwajiri kutoka idara ya mapato ya serikali kuu, ambayo haina malipo, na ukitakiwa kulipia na tovuti yoyote ujue hiyo si ya serikali. Fungua akaunti ya biashara ukiwa na nakala ya cheti mkononi, na uhakikishe benki imeandika majina yote mawili. Omba idhini ya kodi ya mauzo na leseni ya kazi yako. Tundika cheti ukutani.

Ada ya kaunti ni ndogo na iulizwe kwa karani siku unapokwenda. Shughuli nzima, mtu aliye na karatasi zake, haimalizi asubuhi moja, na hapo cheki iliyoandikwa kwa jina la jiko itaingia benki siku ile ile.